Kioo Kisichotakata: Nasaha kwa Madereva wa Thika na Ruiru

Mvua ya kwanza ya msimu, katika nchi iliyo baina ya Ruiru na Thika, aghalabu haimkuti dereva akiwa na kioo kilicho tayari kuipokea. Majuma mengi kabla ya siku hiyo gari lake limekuwa likipita katika vumbi jekundu la njia za mashamba ya kahawa, katika ghubari la mawe litokalo kwenye machimbo ya Juja na Ndarugo, na katika moshi wa dizeli wa malori yaendayo viwandani. Na vitu hivyo vyote vimetua juu ya kioo cha mbele tabaka juu ya tabaka, vikakaushwa na jua la mchana na kuloweshwa na umande wa usiku, hata vikashikamana nacho. Jioni moja mawingu yakafunga, matone yakaanza kudondoka, dereva akawasha waipa; na pale alipotaraji kuona barabara akaona utando wa tope na mafuta uliotandazwa kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine, na taa za magari yaliyo mbele yake zimevimba na kupoteza mipaka.

Desturi ya wengi, wafikwapo na jambo hili, ni kuilaumu mipira ya waipa, na kununua mingine palepale barabarani kutoka kwa mchuuzi apitaye kati ya magari yaliyokwama katika msongamano. Mara nyingine hufaulu, kwa kuwa kweli mpira ulikuwa umekwisha kazi yake. Lakini si mara haba mpira mpya hutandaza uchafu uleule kwa namna ileile, na baada ya siku chache nao ukaharibika, fedha zikawa zimekwenda na adha ikabaki. Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji ya kuwa mpira ni sehemu moja tu kati ya kadhaa zinazoshirikiana kukitakasa kioo, ya kuwa kila sehemu ikiharibika huacha alama yake yenyewe, na ya kuwa mtu aliyejifunza kuzisoma alama hizo ataweza, kwa ndoo ya maji, sabuni, siki na kitambaa safi, kuondoa kasoro nyingi pasipo kumwita fundi wala kutoa pesa nyingi.

Jambo lenyewe si dogo. Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, ambayo ilianza kujengwa upya mwaka 2009 na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ina urefu wa takriban kilomita 50, na upana wake umewazoesha watu mwendo ambao njia ya zamani isingeuruhusu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo dereva ambaye kioo chake kimefunikwa na utando kwa muda wa sekunde 3 tu, huku akingoja waipa ipite tena na tena, amekwisha kwenda zaidi ya mita 66 akiwa hana hakika ya kilicho mbele yake. Ndani ya mita hizo huweza kuwamo mtu anayevuka, pikipiki isiyo na taa ya nyuma, au lori lililoharibika likaachwa ukingoni. Macho ya dereva ni amana ya watu wote walio barabarani, na macho hayawezi kutimiza amana hiyo iwapo kioo kilicho mbele yake kimechafuka.

Tabibu mwema hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa, na mwenye gari naye hana budi kukitazama kioo chake kabla ya kufungua mkoba. Lisimamishe gari kivulini, injini iwe imezimwa na swichi imewashwa, umweke mwenzako kwenye usukani aendeshe waipa kwa mwendo wa pole, nawe usimame mbele ukikimwagia kioo maji safi kwa kikombe, utazame kwa makini kila inapopita. Ikiwa inabaki mistari myembamba ya maji, na mistari hiyo iko mahali palepale kila mara, ujue kuwa ukingo wa mpira umechanika au umenasa chembe ya mchanga. Ikiwa kuna ukanda mpana usioguswa kabisa, katikati au mwishoni mwa njia ya waipa, basi mpira haukilalii kioo, na sababu imo katika fremu iliyopinda au katika springi ya mkono wa waipa iliyolegea. Ikiwa mpira unaruka na kutetemeka kwa kelele, shaka iangukie pembe ya mkono, au nta iliyopakwa kiooni. Ikiwa waipa inapangusa vizuri iendapo na vibaya irudipo, mpira umekauka ukabaki umelala upande mmoja. Na ikiwa kila inapopita huacha nyuma yake ukungu mwembamba ambao huchukua kitambo kutoweka, kosa si la waipa hata kidogo, bali ni la mafuta yaliyoganda juu ya kioo chenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililo kubwa kuliko yote katika pande zetu hizi, na kwa sababu hiyo lastahili kuelezwa kwa urefu. Vumbi peke yake halina ushari mwingi, kwa kuwa maji mengi hulichukua. Lakini vumbi likichanganyika na mafuta huwa kitu kingine, na mafuta hayo yana asili nyingi. Moshi wa dizeli una masizi yenye mafuta, na afuataye malori kwa saa nzima hukipokea kiasi chake juu ya kioo. Barabara nayo, wakati wa kiangazi, hunywa mafuta yanayodondoka kutoka injini za magari. Mvua ya kwanza huyanyanyua, na magurudumu ya gari lililotangulia huyarusha usoni mwa lile lifuatalo. Miti nayo ina sehemu yake, kwani mjakaranda au mkaratusi aliouchagua mtu kwa ajili ya kivuli hudondosha maua na utomvu ambao ukipata jua siku mbili hushika kama gundi. Kisha wako kumbikumbi, ambao mvua za mwanzo huwatoa ardhini kwa wingi usiohesabika na taa huwavuta. Akutanaye nao usiku baina ya Juja na Thika hufika kwake na kioo kilichojaa mbawa na shahamu, kwani mdudu huyu ana mafuta mengi, hata wamkaangao hawahitaji kuongeza mengine kikaangoni. Kumpangusa kumbikumbi kwa waipa pasipo maji ya kutosha ni kukipaka kioo mafuta kwa hiari.

Hata mahali pa kuoshea gari paweza kuongeza taabu hiyo. Vijana waoshao magari, kwa nia njema ya kumfurahisha mwenye gari, huyang'arisha magurudumu na dashibodi kwa dawa zenye silikoni, kisha kitambaa hichohicho hupitishwa juu ya kioo. Au hulipaka bodi nta, na nta ikafika hata kioo cha mbele. Gari hung'aa kweli likiwa kavu, na mvua inaponyesha kioo huwa hakishikiki. Haki ya mwenye gari ni kuomba kwa upole kwamba kioo kipewe kitambaa chake peke yake, kisichogusa nta wala dawa ya magurudumu; na mwoshaji aliyeelezwa sababu hulitimiza jambo hilo bila ya uzito.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Chagua saa ya asubuhi au ya jioni, kioo kikiwa baridi, maana sabuni na siki zikikauka juu ya kioo chenye moto huacha madoa mapya mahali pa yale ya zamani. Anza kwa kumwaga maji mengi, usiguse kwa kitambaa mpaka vumbi lote limeteremka, kwa sababu vumbi la machimbo ni mawe yaliyosagika, na kulisugua likiwa kavu ni kukikwaruza kioo mikwaruzo isiyofutika. Kisha tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika ndoo, ulowanishe kitambaa laini, usugue kioo chote kwa mizunguko midogo, pamoja na ile sehemu ya chini ambako waipa hulala, maana huko ndiko uchafu hujilimbikiza na ndiko mpira hurudi kujipaka kila mara. Suuza kwa maji mengi, na usiharakishe, kwa sababu mabaki ya sabuni nayo ni utando.

Baada ya sabuni, ikiwa yapo madoa meupe yaliyoachwa na maji yenye chokaa yaliyokaukia juani, changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi kilicho sawa, ulowanishe kitambaa, ukilaze juu ya madoa kwa dakika chache kabla ya kusugua, kwani siki huyeyusha chokaa lakini huhitaji muda wa kuifanya kazi hiyo. Kisha suuza, usiiache itiririke na kukauka juu ya rangi ya gari. Mafuta na nta vilivyoishinda sabuni hutolewa kwa spiriti safi, kwa sharti kwamba spiriti hiyo haikutiwa mafuta, kwa maana ziko zile za kutibia ngozi ambazo zimechanganywa na mafuta ya mbarika, nazo huacha nyuma yake kilekile tunachojitahidi kukiondoa. Na kwa utomvu uliokauka au masizi ya miaka, iko sufi ya chuma iliyo laini kabisa, ile ya daraja la sifuri nne, ambayo ikitumiwa pamoja na maji ya sabuni haiwezi kukikwaruza kioo kisicho na kasoro. Lakini mtu asiichanganye na ile ngumu ya kusugulia sufuria, ambayo haifai kabisa, na hata hiyo laini aijaribu kwanza pembeni, asiitumie kamwe upande wa ndani wala juu ya karatasi ya giza iliyobandikwa kiooni.

Petroli, mafuta ya taa na dizeli visikaribie kioo. Wapo wanaovitumia kwa kuwa huyeyusha lami na utomvu upesi, na kweli huyeyusha. Lakini mafuta ya taa na dizeli vyenyewe ni mafuta, na vyote vitatu huuvimbisha na kuudhoofisha mpira wa waipa na mpira wa ukingo wa kioo, na petroli fauka ya hayo ina hatari ya moto. Sabuni ya unga nayo haifai kusugulia, kwa sababu chembe zake zisizoyeyuka hukwaruza.

Kazi ikiisha iko mizani ya kuipima. Mwaga maji safi juu ya kioo kuanzia juu, utazame yanavyoshuka. Yakienea kwa utando mmoja wa sawasawa hata chini, kioo kimetakata. Yakivunjika vipande, yakakusanyika matone matone mahali fulani na kupakimbia pengine, mafuta bado yapo mahali hapo, nawe urudie. Hapa pana jambo moja la kutahadhari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu kutengenezwa, na mengi ya magari yetu yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Baadhi yake yalipakwa huko dawa ya kuyafanya maji yajikusanye na kukimbia kioo. Dawa hiyo ikiwa mpya ina faida, lakini ikichakaa huondoka viraka viraka, na mpira ukipita kutoka pasipo na dawa hadi penye dawa huruka na kutetemeka. Mwenye gari la namna hiyo ni aula aiondoe yote kuliko kuishi na nusu yake.

Kioo kikishatakata, na si kabla, ndipo mpira uhukumiwe. Inua mikono ya waipa, ushike kitambaa chenye maji ya sabuni, ukivute kwenye ukingo wa mpira toka mwanzo hadi mwisho. Utatoka weusi mwingi. Rudia kwa kitambaa safi mpaka weusi huo upungue, kisha pitisha spiriti kidogo. Si ajabu waipa iliyodhaniwa kuwa imekufa ikarudi kufanya kazi vyema baada ya hayo. Lakini uutazame ukingo huo kwa makini: ukiwa na mipasuko, au umekuwa mgumu usiokunjika kwa kidole, au umejikunja upande mmoja na haurudi, hakuna dawa itakayoufufua, na kuukwangua kwa msasa au wembe ni kuuharibu zaidi, kwa kuwa kazi yake yote iko katika ule ukingo mwembamba ulionyooka. Thika iko takriban digrii moja tu kusini mwa mstari wa ikweta, na jua la mahali hapa, pamoja na joto la kioo cha gari lililoegeshwa juani, huukausha mpira upesi kuliko katika nchi za baridi. Anayeegesha gari nje kila siku asishangae akihitaji mpira mpya kila mwaka, hata kama mvua zilikuwa haba.

Unaponunua, pima urefu wa ile ya zamani, kila upande peke yake, maana mara nyingi ile iliyo mbele ya dereva huwa ndefu kuliko mwenzake. Nazo huuzwa kwa vipimo vya inchi. Tazama pia namna inavyofungwa kwenye mkono, kwani ziko za ndoana na ziko za vifungo vya namna nyingine. Waipa iliyo ndefu kupita kiasi hugonga ukingo wa kioo au mwenzake, na iliyo fupi huacha sehemu isiyopanguswa mbele ya macho. Ikiwa fremu ni nzima, katika magari mengi yatokayo Japani yawezekana kuuchomoa mpira peke yake na kutia mwingine, jambo lililo rahisi kwa bei. Na wakati wa kubadilisha, weka taulo lililokunjwa juu ya kioo chini ya mkono uliovuliwa waipa. Springi ya mkono ina nguvu, na chuma kitupu kikiponyoka kikaanguka chaweza kukipasua kioo chote kwa pigo moja.

Kuhusu mkono wenyewe, yafaa kukumbuka asili ya chombo hiki. Mwaka 1903, Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipewa hataza ya kifaa cha kupangusa kioo kilichoendeshwa kwa wenzo kutoka ndani ya gari. Nacho kilikuwa na ukingo wa mpira, mkono wa kuupeleka, na nguvu ya kuukandamiza usiachane na kioo. Tangu hapo umeme umechukua mahali pa mkono wa mtu, lakini masharti hayo matatu hayajabadilika. Mpira mzuri kwenye mkono uliolegea haufanyi kazi. Inua mkono kidogo kisha uuachie pole: springi nzuri huurudisha kwa nguvu, na iliyochoka huurudisha kwa unyonge. Tazama pia kama mpira umesimama wima juu ya kioo. Katika kila safari ukingo wake hulala nyuma ya mwendo, na unapogeuka kurudi hupinduka ukalala upande wa pili, na mkono uliopinda huuzuia usipinduke, ndipo ukasikia ile kelele ya kuruka. Fundi mwenye uzoefu huunyoosha mkono kwa koleo mbili; asiyezoea asijaribu. Lakini nati iliyo kwenye mzizi wa mkono, chini ya kifuniko chake cha plastiki, mtu yeyote aweza kuikaza, nayo ndiyo ya kutazamwa kwanza mota inaposikika ikizunguka na mkono umebaki umesimama. Ikiwa mota haisikiki kabisa, tazama fyuzi. Na ikiwa mikono yote miwili inakwenda kwa uchovu, betri na viungo vya chini ya kioo vikaguliwe karakanani.

Maji ya kioo nayo hudharauliwa sana. Kichupa chake kilicho chini ya boneti kijazwe maji safi yaliyochujwa, ikiwezekana ya mvua, pamoja na dawa yake inayouzwa vituoni kama inapatikana. Sabuni ya unga isitiwe humo, kwa sababu huganda na kuviziba vitundu vya kurushia maji. Na sabuni ya vyombo ikizidi hufanya povu linalokauka kiooni. Ikiwa maji hayatoki ilhali pampu inavuma, tazama kama mrija haukuchomoka, kisha uvizibue vitundu kwa pini nyembamba, na uvielekeze kwa pini hiyohiyo ili maji yaangukie kimo cha macho na si juu ya paa. Kisha ishike kanuni hii bila ya kuivunja: maji kwanza, waipa baadaye. Waipa ipitayo juu ya vumbi kavu hukikwaruza kioo na kuuchana mpira kwa pamoja.

Kuna upande wa pili wa kioo ambao waipa haiufikii. Plastiki ya dashibodi, ikipashwa moto na jua, hutoa mvuke unaotua ndani ya kioo na kufanya utando wa mafuta usioonekana mchana, lakini ambao usiku hutawanya mwanga wa kila taa. Sigara huuongeza, na dawa za kung'arisha dashibodi huuongeza zaidi. Kitambaa chenye spiriti, kisha kitambaa kikavu, huutoa. Lakini utando ukirudi baada ya siku mbili tatu, na ukawa na harufu tamu ndani ya gari, shuku mtambo wa joto unaovuja maji ya rejeta, na hilo si la kitambaa bali la fundi. Unyevu wa pumzi ni jambo jingine: katika baridi ya kuanzia Juni hadi Agosti, matatu yenye abiria 14 na madirisha yaliyofungwa hujaa ukungu kabla ya kutoka kituoni. Dawa yake ni kuelekeza hewa kiooni, kuwasha mtambo wa kupoza hewa kwa kuwa huikausha hewa hata ukiiacha iwe ya joto, na kuacha hewa ya nje iingie, wala si kuizungusha ileile ya ndani. Kupangusa kwa kiganja huongeza mafuta ya ngozi na kuurudisha ukungu upesi.

Yapo madhara yasiyoponyeka. Kioo cha mbele cha gari la leo ni vioo viwili vilivyobandikwa na utando wa plastiki kati yake, fikira iliyomjia mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, mwaka uleule wa 1903, alipoona chupa iliyoanguka maabarani imepasuka pasipo vipande kutawanyika, kwa sababu dawa iliyokaukia ndani ilikuwa imevishika. Naye akapata hataza yake mwaka 1909. Kioo hicho humwokoa mtu katika ajali, lakini uso wake hauwezi kuhimili kokoto na mchanga wa malori daima. Kitazame jua likiwa chini mbele yako: ukiona vitundu vidogo visivyo na idadi vinavyometameta, au mikwaruzo iliyofuata duara la waipa, hakuna sabuni itakayoviondoa. Mikwaruzo hafifu fundi aweza kuing'arisha. Iliyo mirefu inayohisiwa na ukucha, au ufa ulio mbele ya macho ya dereva, haina suluhu ila kubadili kioo, na ucheleweshaji wake hauna udhuru.

Na ikiwa mvua imekushika njiani kabla ya kufanya lolote katika haya, punguza mwendo mapema, zidisha nafasi kati yako na gari la mbele, washa taa za mbele kwa mwanga wa chini, na urushe maji mengi kiooni mara kadhaa kwa mfululizo. Kioo kikikataa kutakata, toka katika njia kuu uingie ile ya pembeni, usimame katika kituo cha petroli au mahali pengine palipo salama, ukioshe kwa sabuni, ndipo uendelee. Usisimame katika njia ya magari yaendayo kasi ili kupangusa kioo. Ukilazimika, washa taa za hadhari na uweke pembetatu za kuakisi nyuma yako kwa umbali wa kutosha. Wapo wasemao kwamba kiazi kibichi au tumbaku ikisuguliwa kiooni hufukuza maji. Hayo yawe ya kumfikisha mtu mahali salama pa karibu, si ya kumfikisha Nairobi.

Alhasili, kazi hii haihitaji zaidi ya saa moja, nayo ina majira yake: mwishoni mwa Februari kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Wewe uliye na gari Ruiru, Juja au Thika, na zaidi wewe ubebaye abiria, usingoje mvua ikufundishe. Kitakase kioo kwanza, usafishe mpira, uupime mkono, ujaze maji, upanguse na upande wa ndani. Na baada ya hayo yote, kama mpira haufai, nunua ulio mzuri. Watu walio mbele yako barabarani hawana kinga nyingine dhidi ya gari lako ila kuonekana kwao, na kuonekana huko ni wajibu wako.